Pointi za Madaha

Umma wa Mpanda na vitongoji vyake, kuanzia Kabungu hadi Mwese, ulipaswa kufahamu kwamba mchezo wa magari unaochezwa kwenye televisheni haumfundishi dereva jambo lolote, unaharibu tabia za barabarani, na haustahili muda wa mtu mzima mwenye kazi ya kufanya. Ndivyo ilivyoamua Kamati ya Mwenendo wa Madereva katika kikao chake cha Machi 1999, na ndivyo karatasi ilivyosema, ikiwa na mhuri wa zambarau uliopigwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikataa. Ibara ya pili ilikuwa fupi zaidi. Dereva yeyote mwenye leseni, au anayeomba kurudishiwa leseni, akikutwa kwenye mchezo huo, shauri lake litafungwa.

Hilari aliisoma ibara ya pili mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayesoma habari za msiba wa jirani. Madereva wenye leseni mjini walikuwa wengi. Aliyekuwa anaomba kurudishiwa alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa amesimama pale akisoma.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepandisha na kushusha malori kati ya Mpanda na vijiji vya milimani Mwese. Sifa yake haikuwa mwendo. Sifa yake ilikuwa kwamba abiria waliokaa juu ya magunia walisinzia, na kwamba akina mama wa Mwese walimpa mayai ayapeleke mjini, na mayai yalifika yakiwa mayai. Njia ile ina desturi moja ambayo haijaandikwa kwenye kibao chochote: anayeshuka humpisha anayepanda. Anayepanda akisimama na mzigo, hatapanda tena. Hilari hakuwahi kumnyima mtu njia, na kama angeulizwa dini yake ni ipi, angetaja kwanza hiyo, halafu Ukatoliki.

Novemba ya mwaka uliotangulia alikuwa anashuka na magunia thelathini na mawili ya maharage. Kwenye kona wanayoiita ya Migomba akakutana na trekta lenye tela, linapanda. Akampisha, kama kawaida, ila safari hiyo alikanyaga breki akiwa ndani ya kona, usukani ukiwa umekatwa. Matairi yakafunga, changarawe ikateleza chini yake, na lori likalala ubavu ndani ya migomba, taratibu, kama ng'ombe aliyeamua kupumzika. Antoni, utingo wake, alivunjika mtulinga. Maharage yaliota pale mvua ziliponyesha, na kwa majuma kadhaa kila aliyepita aliona mahali Hilari alipopindukia pakiwa pa kijani kuliko pengine.

Kamati ilichukua leseni. Baada ya maombi matatu ikakubali kumpa jaribio moja: Alhamisi tarehe kumi na tano Aprili, kwenda Mwese na kurudi na mzigo, katibu wa Kamati akiwa ameketi pembeni yake. Akishindwa, hatasikilizwa tena.

Jambo ambalo Kamati haikulijua ni mguu. Mwenye lori, ambaye bado alimpenda, alimruhusu kulizungusha ndani ya ua wa ghala, ajikumbushe. Hilari akaenda mbele, akakata kona ya kwanza, na mguu wa kulia ukaruka wenyewe ukatua juu ya breki. Akarudia. Ukaruka. Kila alipozungusha usukani, mguu ulijifanyia maamuzi yake bila kumshauri. Usiku mguu ulikuwa ukisukuma mbao za kitanda, hata mkewe Eufrazia akahamia upande wa ukutani. Kwa miaka yote ile mwili ulikuwa umejua kazi bila maneno. Sasa mwili umesahau, na maneno ya kuukumbusha hakuwahi kuwa nayo. Barabarani hakuruhusiwa kufanya mazoezi. Uani hapakuwa na mteremko. Zilibaki siku thelathini na nane.

Siku hiyo Eufrazia alimtuma akanunue mayai kwa Katarina.

Katarina alikuwa fundi cherehani, Mfipa, mjane, mwenye kuku wengi na subira kidogo. Kaka yake alikuwa amemletea kwa treni kutoka Tabora televisheni, jenereta dogo, na mashine ya gemu yenye CD moja, naye akaviweka kwenye banda lake la kushonea. Maandishi ya CD ile yalikuwa ya Kichina au Kijapani. Mpanda hapakuwa na aliyethubutu kuamua. Hivyo sheria za mchezo ziligunduliwa kwa kupoteza. Ulikuwa mchezo wa magari kwenye mitaa ya mji fulani wenye vilima, na jambo la kwanza lililowashangaza ni kwamba anayefika wa kwanza si lazima ashinde. Mashine ilitoa namba kwa namna ulivyoendesha: ukipita kona kwa ubavu bila kugusa ukuta, namba zilipanda, ukiupita mti kwa unene wa kidole, zilipanda, ukigonga chochote, zilifutika zote. Katarina ndiye aliyezipa jina. Aliziita pointi za madaha, na mji mzima ukakubali.

Hilari alikuta kwenye benchi kijana wa Kisukuma anayeitwa Malale, mfanyabiashara wa ng'ombe, bingwa wa banda. Malale hakuwahi kushika usukani wowote duniani. Alikuwa ameshika padi, kile kidude chenye vibonye, na gari jekundu lilikuwa linashuka kilima kwa ubavu kama linacheza ngoma.

"Rudia hiyo kona," Hilari akasema, mayai mkononi.

"Mzee, hii haina kurudi nyuma. Si ng'ombe."

"Ikija nyingine, niambie breki unabonyeza saa ngapi."

Malale akafikiri, hakuwahi kuulizwa. "Kabla. Ukiingia nayo kwenye kona, gari linakufa. Unabonyeza ukiwa bado umenyooka, halafu unaachia. Unaingia umeachia."

Hilari akaketi. Mayai yalikaa chini ya benchi mpaka saa kumi.

Alipopewa padi alikuwa kituko. Kwanza aliendesha upande wa kushoto katika mji ambao wote wanapita kulia, akawa anakutana na magari uso kwa uso na kuyapigia honi ambayo haikuwapo. Halafu, kwenye kilima kikubwa, lori la bluu lilitokea linapanda, naye akasogea pembeni akasimama kabisa.

"Mzee Hilari, mbona umesimama?"

"Nampisha. Anapanda na mzigo."

"Hana mzigo huyo," Malale akasema. "Hana hata dereva."

Hilari akalitazama lori mpaka likapita. "Hata hivyo," akasema.

Mashine haikuwa na pointi za adabu. Ilimwandikia sifuri, na benchi zima likacheka mpaka Katarina akazima cherehani ili aone kulikoni.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Breki ilikuwa chini ya kidole gumba, lakini mguu haukujua hilo. Kila kona ulikanyaga sakafu ya udongo kwa kisigino, na kufikia juma la pili palikuwa na shimo la kutosha kuku kuatamia. "Ukimaliza kulichimba hilo, chimba na la choo," Katarina alimwambia. Lakini ilikuwa hapo hapo, juu ya shimo lile, mguu ulipoanza kujifunza. Kisigino kilikanyaga mapema kidogo. Halafu mapema zaidi. Halafu, alasiri moja, Hilari alipita kona tatu za kilima akisema kwa sauti ya chini, "kanyaga, achia, ingia, kanyaga, achia, ingia," na mguu ukakaa kimya kwenye kona zote tatu. Namba zikapanda mpaka mashine ikaomba herufi tatu za jina la mshindi.

Hilari hakuthubutu kuandika lake. Akaandika EUF, la mkewe.

Ndipo lile tangazo la Kamati likabandikwa.

Mtu mwenye busara angeacha. Hilari alihesabu siku, zilikuwa ishirini na moja, na mguu ulikuwa bado unasahau mara moja kati ya kona tano. Kona moja kati ya tano ilitosha kumlaza kwenye migomba. Akaanza kupitia nyuma, kwenye banda la kuku, saa ambazo wateja walikuwa wachache, na Malale akikaa mlangoni kama mtu anayesubiri suruali ishonwe. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, baba wa binti aliyeolewa, na kila siku aliingia mahali kwa kuinama akisema "shii, shii" kwa majogoo.

"Baba Dina," Eufrazia akasema jioni moja, "unanuka kuku."

"Nimepita kwa Katarina."

"Kila siku unapita, na mayai siyaoni."

"Hawatagi siku hizi."

Eufrazia akaendelea kupembua mchele. Ulikuwa mchele wa Usevya, wenye mawe machache, lakini aliutazama kama una mengi. "Na mguu unasemaje?" akauliza.

Hilari akautazama. "Unasikia."

"Basi nenda. Ila vaa shati la zamani."

Jumanne, siku mbili kabla ya jaribio, Malale alipiga mluzi wa kuitia ng'ombe. Hilari alikuwa katikati ya kilima na pointi ambazo hakuwahi kuzifikisha. Aliweka padi chini ya kitambaa kwenye cherehani na kuondoka kwa mlango wa nyuma. Hakufika mbali. Uani kulikuwa na mgambo mmoja amesimama amegeukia barabara. Palibaki banda la kuku. Akaingia, akachuchumaa kati ya viota, na kusikia kila neno kupitia ukuta wa mabanzi.

Aliyeingia alikuwa bwana Edgar, katibu wa Kamati, mtu mwembamba anayebeba faili hata msibani. Huyo ndiye angeketi pembeni ya Hilari Alhamisi.

"Nani alikuwa anacheza?"

"Mimi," Malale akasema.

"Una leseni?"

"Ya mifugo."

Kalamu ikaandika. Gari ndani ya televisheni, likiwa halina mtu, lilisikika linagonga ukuta.

"Hili shimo ni la nini?"

Hilari akafumba macho. Kuku mmoja alikuwa amepanda begani mwake.

"La kuku," Katarina akasema. "Wanaoga vumbi."

"Ndani ya nyumba?"

"Nje mvua, bwana Edgar. Nao wana miili."

Kalamu tena. Kisha katibu akasogea. Sauti yake ilitoka karibu na televisheni. "Hapa kuna orodha ya washindi. MAL ni huyu kijana. Huyu EUF aliye juu yake ni nani?"

Mpanda ulikuwa mji mdogo. Akina Eufrazia walikuwapo wawili, na mmoja alikuwa mtawa.

"Mashine ilikuja naye," Katarina akasema.

"Kutoka wapi?"

"Huko zinakotengenezwa. Ni majina yao. Wewe yasome basi hayo mengine kwenye kasha, utuambie maana."

Bwana Edgar alisikika akiligeuza kasha, akiyatazama yale maandishi ya Kichina au Kijapani kwa muda ambao msomi hutumia kutazama asichokijua. Halafu akasema kwamba vyote vinachukuliwa kama vielelezo kwa ajili ya uchunguzi, na mgambo wakabeba televisheni, mashine, CD, na padi ya akiba aliyokuwa ameinyakua Malale. Ya pili, ile ya Hilari, ilikuwa bado chini ya kitambaa. Katarina aliiegemea kwa kiwiko mpaka walipotoka.

Hilari alipotoka kwa kuku alikuwa na mavi begani na hana mahali pa kujifunzia. Malale alimtazama.

"Sasa, mzee?"

"Sasa Alhamisi," Hilari akasema.

Jumatano ilinyesha mchana kutwa. Alhamisi asubuhi barabara ilikuwa nyekundu na laini. Bwana Edgar alipanda na mwavuli, faili, na fomu yenye vifungu kumi na vinne. Walipandisha saruji na chumvi mpaka Mwese bila neno, kwa kuwa kupanda hakukuwa shida. Kwenye kupanda mguu wa breki hauna kazi. Mwese wakapakia maharage. Wapakiaji walimfahamu na hawakumsalimia kwa kelele kama zamani. Walimpa mkono mmoja mmoja, taratibu, kama anayelazwa hospitali.

Kisha mteremko ukaanza.

Kona ya kwanza: kanyaga, achia, ingia. Mguu ulitii. Ya pili ulitii. Kwenye ya tatu ulitetemeka, ukainuka kidogo kutoka sakafuni, ukarudi. Bwana Edgar alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika na kuutazama mguu wenyewe. Hilari alijua kwamba anautazama. Jasho lilishuka nyuma ya sikio, naye hakulipangusa, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Juu ya kona ya Migomba aliona moshi. Ulipanda kwenye majani ya migomba, mweusi, wa kukatakata: lori linapanda na mzigo, gia ya kwanza, hamna nafasi ya kusimama. Upande wake palikuwa na kibaraza cha kupishania, kipana kidogo kuliko lori, mara tu baada ya kona. Upande wa pili ndipo mahali maharage yalipokuwa yameota.

Hapo vitu viwili alivyovijua viligombana kichwani. Mashine ilikuwa imemfundisha kupita kwa unene wa kidole bila kumjali anayekuja. Kwa mashine, kusimama ni sifuri. Mwese ilikuwa imemfundisha kupisha, na ni kwa kupisha alikopinduka. Alikuwa na urefu wa malori manne hivi wa kuchagua. Mguu ukainuka wenyewe.

"Sasa," akauambia, kwa sauti, na akaukanyagisha hapo hapo, gari likiwa bado limenyooka, mapema mno kwa macho ya yeyote aliyeketi pembeni. Lori likainama mbele, likapungua. Gia ya pili. Kisha akaachia. Aliuweka mguu sakafuni, mahali ambapo kwa Katarina pangekuwa na shimo, akakata usukani, na lori likaingia kwenye kona bila breki, likizunguka lenyewe, nyuma ikiteleza kidogo tu kwenye tope, kiasi cha mkono mmoja, na kurudi. Likaingia kwenye kibaraza. Hapo ndipo alipokanyaga tena, likiwa limenyooka, na kusimama.

Lori linalopanda lilipita. Kioo cha pembeni na kioo cha pembeni viliachiana nafasi ambayo ungepitisha kidole, si viwili. Dereva wa lile jingine akainua mkono. Hilari akainua wake.

Bwana Edgar akageuka kuitazama kona waliyoipita.

"Kwenye kona hukukanyaga breki."

"Nilikanyaga kabla."

"Novemba ulikanyaga ndani yake."

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha kubadili?"

Mvua iliyobaki kwenye majani ya migomba ilikuwa inadondoka juu ya kabini. Hilari hakuwa mwongo hodari. Alichokuwa nacho ni uchache wa maneno. "Mguu wenyewe," akasema. "Nilikaa nao."

Katibu akatafuta kwenye vifungu kumi na vinne mahali pa kuandika hilo. Hapakuwapo. Akaandika "Ameridhisha" kwenye kile cha kumi na moja, kilichohusu mataa, na akafunga faili. Hilari akaingiza gia. Mpaka wanafika Mpanda, wapakiaji wawili waliodandia juu ya magunia walikuwa wamelala.

Aliambiwa aje Jumatatu kuchukua leseni. Jumatatu, akiwa njiani, alipita kwa Katarina kumpa habari, kwa mlango wa mbele, amenyooka. Shimo lilikuwa limefukiwa na udongo mpya. Katarina alikuwa anashona sare za shule na hakuinua macho.

"Ijumaa walimtuma tarishi," akasema. "Na barua."

"Ya kufungua banda?"

"Ya kuomba padi ya pili. Wanasema uchunguzi hauwezi kukamilika na moja."

"Ukawapa?"

"Serikali ikiomba, utafanyaje."

Ofisi ya Kamati ilikuwa vyumba viwili na benchi la kusubiria. Juu ya benchi palibandikwa lile tangazo, lenye mihuri miwili. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tarishi alimwambia leseni yake iko tayari, imebaki sahihi ya mwenyekiti tu, na kwamba mwenyekiti na bwana Edgar wako ndani kwenye uchunguzi, wameomba wasisumbuliwe.

Hilari akaketi chini ya tangazo, miguu pamoja. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini ulikuwa mlango wa mbao nyepesi. Alisubiri mpaka saa sita kasorobo. Kwa mlio wa matairi peke yake alijua kwamba mmoja wao alikuwa bado anakanyaga breki ndani ya kona.